Alichosoma Mwanangu Usoni Kwangu

Tumbo lilikuwa linamuuma saa kumi na mbili asubuhi. Usiku halimuumi, mchana halimuumi. Ni saa kumi na mbili ile ile, nikishamvisha soksi ya pili, analishika kitovuni na kujikunja pale pale kitandani. Ilikuwa mwaka 2018, mwanangu wa kwanza ana miaka mitano, ndiyo kwanza ameanza darasa la awali. Nilimpima malaria. Nikampima mkojo, choo, taifodi, minyoo. Nilizunguka naye maabara za Pasua tunakoishi na za mjini, mpaka vijana wa maabara moja wakawa wanamwita kwa jina kabla sijatoa kadi. Majibu yote safi, na kesho yake saa kumi na mbili tumbo linauma.

Aliyenifungua macho ni daktari mmoja kijana ambaye hata hakuanza kwa kuligusa hilo tumbo. Aliniuliza, "Mama, Jumamosi linauma?" Nikafikiri. Haliumi. "Na Jumapili?" Jumapili mchana haliumi; linaanza jioni, nikitoa pasi kunyoosha sare. Akaweka kalamu mezani, akamwacha mtoto, akaniangalia mimi. "Na wewe mama, asubuhi hizo za shule huwa unajisikiaje?"

Nikajibu niko sawa. Mtoto alikuwa amekaa mapajani mwangu, mgongo wake umeegemea kifua changu, na nina hakika alikuwa anausikia moyo wangu ulivyokuwa ukienda mbio wakati nikisema niko sawa.

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali hapa Moshi. Kila Januari napokea watoto wanaoachwa na mama zao kwa mara ya kwanza, na kwa miaka mingi nimejua kumtambua mtoto mwenye hofu hata kabla hajalia: mabega yamepanda, kidole mdomoni, macho mlangoni. Watoto wa wenzangu niliwasoma vizuri. Wa kwangu nilimsoma vibaya kwa sababu nilikuwa natafuta ugonjwa ndani yake, na kilichokuwa ugonjwa kilikuwa kwangu.

Alizaliwa mwaka 2013 wiki ya 31, kilo moja na gramu 400. Nilikaa naye wodini wiki tano, nimemfunga kifuani ngozi kwa ngozi, ile wanayoiita kangaruu, mchana na usiku. Mtu ambaye hajawahi kulala na kiumbe cha kilo moja na nusu kifuani hawezi kujua ninachosema. Unahesabu pumzi. Ikichelewa moja, unamgusa unyayo. Ikichelewa tena, unaita nesi. Siku tuliporuhusiwa waliniambia mtoto amevuka. Kweli yeye alivuka, lakini mimi nilibaki kule wodini. Alipofikisha mwaka mmoja nilikuwa bado naamka usiku kuweka kidole chini ya pua yake nisikie joto. Akicheka sana namwambia basi, utapaliwa. Akikimbia, utaanguka. Akishika kikombe, utajimwagia. Akipanda kochi, shuka. Baba yake aliwahi kunihesabia jioni moja, bila kugombana, akasema kwa saa moja nimemwambia mtoto "angalia!" mara kumi na nane. Nikamwambia yeye hajui nilichopitia. Ilikuwa kweli kwamba hajui. Lakini hesabu yake nayo ilikuwa ya kweli.

Kisha ikaja Mei 2017. Mtu yeyote aliyekuwa kanda hii ya kaskazini anaikumbuka Jumamosi ile ya tarehe 6. Basi dogo la wanafunzi wa darasa la saba kutoka Arusha, wakienda Karatu kufanya mtihani wa ujirani mwema, lilitumbukia korongoni pale Rhotia. Wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watatu walitoka hai, wakapelekwa Marekani kutibiwa, na waliporudi Agosti nchi nzima ililia tena, safari hii kwa furaha. Ile wiki ya msiba nilikaa mbele ya televisheni nikiangalia majeneza yaliyopangwa uwanja wa Sheikh Amri Abeid, nikalia kwa sauti mpaka jirani akaja. Mwanangu alikuwa na miaka minne. Alikuwa mkekani pembeni yangu anasukuma gari lake la kopo. Nilidhani haelewi. Baada ya muda nikaona amelipindua lile gari, magurudumu juu, anakaa analitazama.

Miezi minane baadaye nilimpandisha gari la shule.

Asubuhi zetu zilikuwa hivi. Tunaamka saa kumi na moja. Chai, mkate, sare. Kabla ya kutoka namshika kichwa tunasali, kwa sababu kwetu mtoto hatoki nyumbani bila kuombewa, na hilo sijaliacha na sitaliacha. Ila sikilizeni nilivyokuwa nasali. "Bwana, mlinde mwanangu njiani. Gari lisipinduke. Breki zisikatike. Dereva asisinzie. Mwepushe na malori, na wezi wa watoto, na moto, na watu wabaya." Mkono wangu uko juu ya kichwa chake na unatetemeka. Halafu nafungua mlango, namwambia, "Haya baba, nenda kasome, usiogope."

Siku moja tukiwa tumesimama barabarani tunasubiri gari, mlima uko wazi kabisa mbele yetu mpaka theluji, akanivuta kanga akaniuliza, "Mama, breki zikikatika utakuja?"

Mtoto wa miaka mitano hajui breki. Neno hilo nilimfundisha mimi, nikiwa nimefumba macho.

Daktari yule alinielekeza kwa mama mmoja mtu mzima, mtaalamu wa saikolojia, ofisi yake upande mmoja na kliniki ya afya ya akili. Wifi yangu aliposikia aliniuliza kama sasa nakwenda kwa vichaa. Niliumia, na kwa wiki mbili sikwenda. Nilikwenda wiki ya tatu baada ya mtoto kutapika sare nzima mbele ya gari, watoto wenzake wakiangalia dirishani. Nilikaa pale nikitegemea atamwita mtoto ndani. Akasema mtoto tumwache acheze huko nje kwanza, tuanze na mimi.

Kitu cha kwanza alichonisimulia ni habari ya meza. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani walitumia meza ndefu yenye kioo juu. Nusu ya kwanza, chini ya kioo kuna kitambaa cha mirabamiraba kilichobandikwa karibu karibu. Nusu ya pili kitambaa kimeshushwa chini kidogo, kama sentimita 30, kwa hiyo mtoto anayetambaa akifika katikati anaona kama ngazi inashuka, ingawa kioo kinaendelea na hawezi kuanguka. Walichukua watoto wa mwaka mmoja. Mama anasimama ng'ambo, na haruhusiwi kusema neno, uso tu. Mtoto anatambaa, anafika ukingoni, anasimama, anainua macho kumtazama mama yake. Kina mama walioambiwa waonyeshe uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Walioambiwa waonyeshe uso wa hofu walikuwa na watoto 17. Hakuvuka hata mmoja.

Nilimwomba arudie. Akarudia: hata mmoja.

"Kina mama wale walikuwa wanaigiza," akaniambia. "Wewe huigizi, mama. Wewe unaonyesha kweli, kila siku, tangu azaliwe."

Hakunilaumu hata kidogo, na ninasema hili kwa ajili ya mzazi anayesoma huku machozi yanamlenga. Aliniambia aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi niliumwa nyoka wa kweli. Aliniambia pia kwamba watoto wengine huzaliwa na damu nyepesi ya kushtuka, na mzazi mwenye wasiwasi ana uwezekano mkubwa wa kupata mtoto wa namna hiyo. Ile sehemu ya damu hatuwezi kuigusa. Ya usoni, ya mdomoni na ya mkononi tunaiweza, tena mtoto akiwa bado mdogo ndiyo inashika zaidi.

Desemba hiyo tulipanda Kibosho kwa mama mkwe, kama Wachaga wote wanavyorudi nyumbani Krismasi. Nyuma ya migomba yake unapita mfongo, ule mfereji wa jadi ambao wazee waliuchimba kuteremsha maji ya mlima mashambani. Maji hayafiki goti la mtu mzima. Juu yake limelazwa gogo, na watoto wa shemeji zangu walikuwa wanalivuka mbio, wanarudi mbio, kama wanapita sebuleni. Mwanangu akawafuata mpaka kwenye gogo. Akaweka mguu mmoja. Akasimama.

Hakuyatazama maji. Aligeuka akanitazama mimi.

Mkono wangu ulikuwa umefunika mdomo. Sikuwa nimesema kitu, sikuwa nimepiga kelele, nilijua nimenyamaza vizuri. Lakini mkono ulikuwa mdomoni, mabega yamepanda, na nikaona mguu wake ukirudi nyuma taratibu kutoka kwenye gogo, vidole vya mguu vimejikunja. Ndipo ile meza ya kioo ikanijia yote. Bibi yake alikuwa ng'ambo anakata majani ya ng'ombe. Hajawahi kusoma habari za mwaka 1985 wala mwaka wowote. Akainua kichwa, uso umemchanua, akaita, "Mume wangu! Njoo unisaidie kubeba, nimezeeka mimi."

Nikateremsha mkono, nikauingiza kwenye mfuko wa sweta. Nikashusha mabega. Nikatoa pumzi ndefu kama nilivyofundishwa, kuvuta hesabu nne, kutoa hesabu sita, maana ukitabasamu huku mwili umekaza mtoto anaona meno tu, haoni tabasamu. Alinitazama tena, muda mrefu. Kisha akakaa juu ya gogo kama mtu aliyepanda punda, akajisogeza kwa makalio, kidogo, kidogo, mpaka ng'ambo. Kaptura ilikuwa ya kijani kwa ukungu wa mti. Bibi hakupiga makofi wala vigelegele. Alimpa fungu dogo la majani, akamwambia haya, twende, ng'ombe ana njaa.

Nilikaa chini kwenye majani ya mgomba kwa sababu magoti yalikuwa yamekwisha nguvu. Miaka mitano mtoto alikuwa ananiuliza swali kwa macho, na miaka mitano nilikuwa namjibu hapana.

Baada ya pale kazi ilianza, na haikuwa kazi ya siku moja. Nitaeleza tulivyofanya kwa sababu ndicho wazazi wengi huniuliza.

Sala niliibadilisha. Bado namwombea usalama, lakini ya malori na breki nayasema nikiwa peke yangu chumbani. Mungu ananisikia kule kule. Mbele ya mtoto tunashukuru kwa jana, halafu yeye anataja kitu kimoja anachokisubiri siku hiyo. Wiki ya kwanza alikuwa hana cha kutaja. Wiki ya pili akasema, "Asante kwa uji wa shule." Nikasema amina kwa moyo wangu wote.

Simu za asubuhi zilikuwa ngumu kuliko sala. Nilikuwa nampigia dada wa gari mara tatu kila siku: wakipita stendi, wakifika getini, na saa nne kuuliza kama amekunywa uji. Dada yule, binti mdogo mwenye subira kubwa, aliniambia siku moja, "Mwalimu, samahani nikuambie. Simu yangu ikilia mwanao anajikunja kwenye kiti. Anajua ni wewe." Tukapunguza kwa ngazi. Wiki mbili simu mbili. Wiki mbili simu moja. Halafu ujumbe mmoja mfupi kutoka kwake wakifika. Halafu hakuna. Siku ya kwanza bila chochote nilifundisha herufi "m" darasani huku jasho linanitoka mgongoni, lakini mtaalamu alikuwa ameshaniambia wasiwasi ukiachwa bila kulishwa hupanda, unafika kileleni, kisha unashuka wenyewe. Ulishuka kwenye saa tatu na nusu. Nilitaka kuwaambia watoto wangu wote darasani.

Ile ngazi tuliitumia kwa mtoto pia. Hatukuanza na gari. Tulianza na kwenda duka la jirani kununua kiberiti, mimi nimesimama getini anaponiona. Halafu mimi nikiwa ndani ya geti. Halafu chumvi duka la pili. Halafu kulala kwa shangazi yake Majengo usiku mmoja. Kila ngazi tunairudia mpaka imchoshe, ndipo tunapanda nyingine. Akikwama hatumsukumi wala hatumwondoi. Tunakaa pale pale naye. Na maneno ya kumwambia yalikuwa mafupi: "Najua inakutisha. Na najua utaweza." Yote mawili kwa pamoja. Zamani nilikuwa na nusu tu, siku nyingine nilimwonea huruma nikambeba, siku nyingine nilichoka nikamfokea "wewe mwanaume, unaogopa nini!" Yote mawili yalimwacha peke yake na hofu yake.

Maswali je? "Mama, utakuja kunichukua? Mama, saa ngapi? Mama, kweli?" Nilikuwa namjibu mara ishirini, nikidhani namtuliza. Kumbe kila jibu lilimfundisha kwamba swali linastahili kuulizwa tena. Nikaanza kujibu mara moja, kwa ukamilifu, na la pili namwambia, "Hilo jibu unalo. Niambie wewe." Siku za mwanzo alilia kwa hasira. Baadaye akawa anajibu mwenyewe, na mwisho akawa anajibu bila kuniuliza, nilimsikia chooni akijiambia, "Mama anakuja saa tisa."

Kuna jambo moja nilidhani ni kosa kumbe ni msaada: kumwambia ukweli. Siku ambazo wasiwasi wangu umepanda hata uso haufichiki, namwambia, "Leo mama ana mchecheto kidogo. Ni wa mama, si wako, na mama anautuliza." Kisha anaona nikinawa uso, nikipumua, nikiendelea na kazi. Mtoto haangamii kwa kumwona mzazi akiogopa. Anachohitaji kuona ni sehemu ya pili, pale mzazi anapoogopa na bado anafunga mlango na kwenda kazini.

Tahadhari sikuiacha, na wazazi wanaochanganya haya mawili huwa nawasimamisha. Barabara ni hatari ya kweli, bodaboda za hapa mjini kila mtu anazijua. Lakini kumlilia mtoto "utagongwa!" hakumfundishi kuvuka. Nilimpeleka ukingoni mwa barabara Jumapili magari yakiwa machache, tukajifunza: simama, kulia, kushoto, kulia tena, sikiliza, vuka bila kukimbia. Tukarudia mpaka akawa ananishika mkono yeye. Mtoto mwenye ujuzi anajua la kufanya, na mwenye hofu tupu anakimbilia katikati ya barabara.

Tumbo liliacha kuuma mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata. Sikumbuki siku yenyewe, ilipita bila kuonekana.

Nilipoanza kusoma zaidi nilikutana na utafiti wa mwaka 2015 wa Golda Ginsburg wa Chuo Kikuu cha Connecticut kule Marekani. Walichukua familia 136 ambazo mzazi mmoja au wote wana ugonjwa wa wasiwasi na watoto bado hawajaupata. Familia za kundi moja zilikutana na mtaalamu kwa wiki nane. Kundi la pili lilipewa maandishi ya maelezo. Baada ya mwaka mmoja, watoto waliopata ugonjwa wa wasiwasi katika familia zilizokutana na mtaalamu walikuwa wachache zaidi kuliko wale wa familia zilizopewa maandishi. Nimeyatafakari sana matokeo hayo nikiandika hapa, kwa sababu ninachokupa mimi ni maandishi. Kama hofu yako inakunyima usingizi, au mtoto wako ameacha kula, ameacha kucheza, anakataa shule wiki kwa wiki, tafadhali usiishie kwenye kunisoma. Nenda hospitali, mwombe daktari akuelekeze kwa mtaalamu, au anza na afisa ustawi wa jamii. Na ukisikia wa kuuliza kama unakwenda kwa vichaa, mwache aulize.

Wapo pia watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wakiongozwa na Eli Lebowitz, waliowachukua watoto 124 wenye ugonjwa wa wasiwasi. Nusu walitibiwa watoto wenyewe. Nusu nyingine mtaalamu hakukutana na mtoto kabisa, alikutana na wazazi tu, akawafundisha kuacha kuitumikia hofu ya mtoto. Matokeo yakalingana. Niliposoma hilo nilimkumbuka yule mama na maneno yake: mtoto tumwache acheze huko nje kwanza.

Darasani kwangu sasa Januari ninaianza na wazazi. Nawakusanya siku moja kabla, kwenye viti vile vidogo vya watoto wao, na jambo la kwanza ninalowaomba ni wasitoroke. Wazazi wengi wakiona mtoto amegeukia midoli wanachomoka kimya kimya ili asilie. Niliwahi kuwa na binti ambaye mama yake alimtoroka siku ya kwanza. Wiki tatu mtoto yule alikataa kukaa ameelekea ubao. Aligeuza kiti, akakaa ameelekea mlango, maana alijifunza kwamba ukigeuka kidogo tu mama anapotea. Mwache akuone ukiondoka. Busu moja, "kwaheri, nakuja saa sita," na miguu iende.

Mwaka juzi baba mmoja, dereva wa bodaboda, alishindwa kabisa kuondoka. Mke wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mtoto ni huyo huyo mmoja. Alisimama nje ya dirisha kuanzia saa mbili mpaka saa nne, na kila mtoto akitulia anaona kofia ngumu ya baba dirishani, analia upya. Nilitoka nikamsalimia.

"Mwalimu, nikiondoka si atalia?"

"Atalia, baba. Kesho ukiondoka nitamwekea saa. Nikuambie amelia kiasi gani?"

Kesho yake aliniachia mtoto, akaondoka bila kugeuka, pikipiki ikazimika getini mara mbili kwa sababu mikono haikuwa imetulia. Saa nne alikuwa amerudi ananisubiri. Nikamwonyesha kwenye simu: dakika saba. Alishika ile simu kwa mikono miwili akaitazama muda mrefu. Siku iliyofuata zilikuwa dakika nne, ya tatu alilia mpaka kwenye mkeka tu.

Jambo jingine ninalolisema kwa ukali kidogo, na sitaomba radhi, ni vitisho vyetu. Tumelelewa navyo na tunaviendeleza: kaa kimya mumiani anakuja, kula au polisi atakukamata, ukilia nesi atakuchoma sindano. Halafu mtoto akiugua tunashangaa kwa nini anapiga kelele tangu getini mwa zahanati. Binti yangu wa pili, aliyezaliwa 2019, hajawahi kutishiwa nesi. Alipohitaji sindano akiwa na miaka mitatu aliniuliza kama itauma. Zamani ningesema haiumi. Nilimwambia, "Itauma kidogo, kama siafu anavyouma, tutahesabu mpaka tano, itakuwa imekwisha." Akahesabu. Alipofika tatu alilia, akaendelea kuhesabu huku analia, nne, tano, kisha akamwambia nesi asante. Nesi yule alifuta macho yake.

Naye ana damu ile ile ya kushtuka, ninaiona. Mgeni akija anajificha nyuma ya kanga yangu. Tofauti ni kwamba simvuti mbele nikamwaibisha, wala simsemei "huyu ni mwoga, mzoeeni." Namwacha achungulie. Baada ya dakika kumi huwa anatoka na kikombe cha maji kwa mgeni, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake tuliyompa.

Mwaka 2024 mwanangu wa kwanza alikuwa darasa la sita, na shule ikatangaza safari ya masomo, Ngorongoro, kwenda na kurudi siku mbili. Njia ya Ngorongoro kutoka kwetu inapita Karatu. Inapita Rhotia. Fomu ya ruhusa ilikaa mezani siku nne chini ya bakuli la matunda. Baba yake hakusema kitu, alijua. Siku ya tano jioni mtoto alisimama upande wa pili wa meza, akaiangalia fomu, akaniangalia mimi usoni, vile vile alivyoniangalia kwenye gogo la Kibosho. Nilitoa pumzi. Nikachukua kalamu nikasaini, nikamwuliza kama anataka maandazi au chapati za njiani.

Usiku wa safari nilisali peke yangu chumbani, nikayataja yote, malori na breki na korongo. Sikupiga simu. Walirudi kesho yake saa moja jioni, ana vumbi mpaka kwenye kope. Nilimpa mtori, akala huku anaongea: alimwona faru kwa mbali sana, mwalimu alisema ni faru ingawa wengine walisema ni jiwe, na viboko ndani ya bwawa wamelaliana kama viazi, na fisi mmoja aliyewakatiza barabarani polepole kabisa, hamwogopi mtu, akasimama akawatazama. Aliniigia fisi anavyotembea. Aliiga mara tatu kuzunguka meza, mdogo wake akimfuata nyuma, mpaka mtori ukapoa.